Cheti si kujifunza, jamani

Juzi tena. Mwenzangu wa kazi, mshauri nasaha kama mimi, tumekaa Forodhani na chai zetu, ananambia "mie mwaka huu nshamaliza masomo endelevu, masaa yangu yote nnayo, vyeti kumi na moja." Yaani yale mafunzo ya kila mwaka ya kujiendeleza kazini. Nshamaliza! Hii kauli nimeisikia kwa vijana na kwa wakubwa na safari hii nimechoka kunyamaza.

Sikilizeni. Kukaa kwenye semina ni kitu kimoja na kubadilika ukiwa mbele ya mteja ni kitu chengine kabisa. Mwaka jana nilirikodi kikao, mteja karidhia, mama mjane, nikakisikiliza pamoja na msimamizi wangu, yaani mshauri mwenzangu ninayeipitia naye kazi yangu. Mama anasema "tokea mume wangu afe, usiku kama mtu kanikalia kifuani," kisha kimya, na mimi palepale nikadakia "pole mama, subira, Mungu yupo." Msimamizi akarudisha nyuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikaisikia: mama alikuwa anavuta pumzi aendelee. Subira ni haki, ni dini yetu, lakini pale niliitumia kujiokoa mimi na kile kimya. Na vyeti vya mambo ya kufiwa nilikuwa navyo viwili.

Kikao kilichofuata alipokaa kimya na mimi nikakaa kimya, adhana ya alasiri ikaanza mpaka ikaisha, ndo akasema "walishamzika, mimi bado sijamzika."

Hayo ndo masomo endelevu. Kule Uingereza chama cha washauri nasaha, BACP, kwa wanachama wao waliothibitishwa wanataka masaa 30 kwa mwaka, na chama cha watoa tiba ya saikolojia, UKCP, masaa 250 kwa miaka 5, sawa, lakini HCPC, ndio wanaosajili wanasaikolojia wa tiba, hawakuweka idadi ya masaa hata kidogo, wanakuuliza ulichojifunza kimesaidia vipi kazi yako na anayekuja kutibiwa. Na anayesema kusimamiwa ni kwa wanafunzi tu ajue BACP wanawataka hao waliothibitishwa wasimamiwe saa moja na nusu kila mwezi hata wawe na miaka 30 kazini.

Miaka yenyewe haifundishi. Utafiti wa Marekani wa 2016, watoa tiba ya saikolojia 170 na wateja 6,591, ulikuta kadiri miaka inavyokwenda matokeo kwa wastani yanashuka kidogo, yaani yanashuka! Mimi hilo linaninyima usingizi.

Na hapa kwetu kuna tatizo ambalo sijalipatia jawabu. Pemba ukisema tu "mwalimu wa skuli, mjane, wa Wete" msimamizi keshamjua mtu na ukoo wake, siri imekwisha. Kwa hiyo mimi natumia msimamizi wa bara, kwa simu, lakini mteja akisema ana ruhani, yaani pepo, ametaka ubani, nusu saa nzima inakwisha namfahamisha msimamizi ruhani ni nini kabla hatujafika kwa mteja mwenyewe.

Mwenzangu nimemwambia achague kikao kimoja, aombe ruhusa, akirikodi, alete tukisikilize. Kasema atafikiri.