Kabla hujauza kiwanja ununue lenzi ya mm 600, soma hii kwanza

Kila ikikaribia mwezi wa saba meseji zinaanza kuingia, kaka naja Gombe kuwapiga picha sokwe, ninunue lenzi ya mm ngapi (mm zikiwa nyingi, lenzi inavuta zaidi)? Na wengi wakiuliza hivyo ujue wameshajijibu, wameona mtandaoni mtu yuko Serengeti kabeba lenzi kama bomba la maji, basi kwao wanyama ni mm 600 na hakuna mjadala. Mi napiga picha hapa Kigoma, harusi na sendofu ndo zinanilisha, ila hifadhini nimeshaingia mara za kutosha kujua kwamba mm ni swali la mwisho. La kwanza ni mnyama atakuwa umbali gani, la pili kutakuwa na mwanga kiasi gani.

Mwenyewe nililijua hilo kwa machungu. Safari yangu ya kwanza Gombe niliazima 150-600 ya jamaa yangu, mzigo wa karibu kilo 2, nikapanda boti Kibirizi asubuhi nimeikumbatia kama mtoto mchanga maana ziwa likichafuka yale maji yanaruka mpaka ndani. Tukafika, na Gombe hakuna cha gari wala barabara, ni kutembea na kupanda, mizizi, mawe, unashika miti usiteleze, lenzi inakugonga kiunoni. Tukawakuta sokwe bondeni, mama na mwanae wanatoana chawa chini ya mti, tuko nao kama mita kumi na kitu hivi. Nikaweka jicho kwenye kamera, naona pua. Nikarudisha zumu mpaka 150, sawa wakaingia wote, ila giza, yaani giza la jikoni bila taa. Nikashusha shata (kasi ya kamera kufungua na kufunga) mpaka 1/60 ya sekunde ili nipate mwanga, na sokwe hakai kama bibi harusi, anajikuna, anageuka, mtoto anaruka. Nilirudi na picha zaidi ya 300, za kumwonyesha mtu hazikuzidi nne.

Sasa tuje kwenye hesabu, usiogope ni ya darasa la sita. Sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, kwenye kamera za fulufremu (zenye sensa kubwa) ina upana wa milimita 36. Chukua 36 gawa kwa mm za lenzi yako, kisha zidisha kwa umbali wa mnyama kwa mita, unapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Sheria ya sokwe ni kukaa mita 10 au zaidi, na unavaa barakoa kwa sababu mafua yetu yanawaua wale. Kwa hiyo mita 10 ukiwa na mm 600 unapata sentimita 60 tu, hapo ni uso na kipande cha bega. Ukiwa na mm 200 unapata mita 1 na sentimita 80, sokwe mzima aliyekaa na mwanae na majani kidogo pembeni, picha inapumua. Tena wakati mwingine wenyewe ndo wanakuja, wewe unarudi nyuma wao wanapita njia ileile, hapo hata 200 inakuwa ndefu.

Halafu mwanga. Hili watu hawalielewi mpaka wafike. Gombe iko ufukwe wa mashariki wa Tanganyika, milima imesimama nyuma yake, kwa hiyo asubuhi jua linachelewa kuvuka ule ukingo na mabonde yanabaki kivulini, juu ya hapo weka msitu wenyewe. Na flashi hairuhusiwi. Ndo maana namba ya kuangalia kwenye lenzi ni ile ya f, ikiwa ndogo tundu la lenzi linafunguka zaidi. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga karibu mara tano ya f/6.3, maana yake pale ambapo mwenye f/2.8 anapiga shata 1/250 kwa ISO 3200 (ISO ni jinsi kamera inavyokuza mwanga), wewe wa f/6.3 kwa shata hiyohiyo unahitaji ISO 16000, na kwenye kamera zetu hizi za kuunga unga hiyo picha ni mchanga mtupu. Mtu ataniambia lenzi yangu ina stabilaiza. Sawa, inatuliza mikono yako, sokwe je?

Kwa hiyo kwa Gombe na Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, jibu langu ni 70-200 f/2.8, ya kampuni yoyote inayoingia kwenye kamera yako, hata ya zamani. Ina kilo 1 na nusu hivi, unaweza kupanda nayo mlima na bado ukabaki na nguvu ya kushika kamera. Kama kamera yako ni ya kropu (sensa ndogo kuliko fulufremu), 200 inakuwa kama 300, safi kabisa. Na hapa nitasema kitu watu watanicheka: ile 85 f/1.8 unayopigia maharusi, beba. Inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, ni nyepesi, na bei yake haikutoi jasho. Baadhi ya picha zangu ninazozipenda za Mahale nimezipiga nayo, sokwe mdogo kwenye fremu na msitu wote umemzunguka.

Kitu kingine kidogo, sokwe ni mweusi. Akiwa juu ya mti na anga nyuma yake kamera inadanganyika anatoka kama mkaa, ongeza mwanga +1 na zaidi kwenye kitufe cha +/- cha kamera. Akijaa kwenye fremu inakuwa kinyume, kamera inamfanya wa kijivu, hapo punguza kidogo.

Ila msiende kuuza 600 zenu. Shuka na treni mpaka Tabora, uende Mto Ugalla, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2019, hesabu inageuka yote. Ni miombo, kiangazi miti inapukutisha majani jua linaingia mpaka chini, na wanyama hawana habari ya kukusubiri, viboko wako katikati ya maji, ndege ng'ambo ya pili. Mita 50 kwa mm 200 unapata eneo la mita 9, mnyama anaonekana kama punje, kwa 600 unapata mita 3. Huko f/6.3 inatosha maana mwanga upo wa kumwaga. Zima injini, weka kifuko cha mchele dirishani ulaze lenzi juu yake (jioni mchele unapikwa, nimeshafanya sana). Saa sita mchana pumzika, hewa ya moto inacheza juu ya ardhi na lenzi ndefu inaipiga hiyohiyo hewa, picha inakuwa kama iko chini ya maji, utalaumu fokasi bure. Na usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wa Ugalla hawana undugu.

Anayetaka kwenda kote kwa lenzi moja, chukua 70-200 f/2.8 na ekstenda ya x2, kile kipande kinachofungwa kati ya kamera na lenzi kuongeza mm. Msituni unaichomoa, Ugalla unaifunga inakuwa 140-400 f/5.6. Fokasi inapungua kasi na makali yanashuka kidogo, lakini mfuko unabaki hai.

Wa kununua mtumba, usinunue kwa picha za WhatsApp. Ingia dukani na tochi, mulika kioo kutokea nyuma, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, rudisha. Nilishauziwa moja hivyo na mtu anaapa kwa Mungu ni vumbi. Na huku kwetu ziwani unyevu ni mwingi, usifungie lenzi kwenye begi la ngozi miezi mitatu ukisubiri msimu.

Yule dada wa Mwanza aliyeniuliza jana, mwenye kamera ya kropu na 55-250 iliyokuja nayo: dada njoo nayo hiyohiyo, uitumie wakiwa kwenye jua, nunua 85 f/1.8 ya kivulini, hela inayobaki lipia boti.