Mtutu mfupi haulengi vibaya, jamani

Hii ya kwamba raifo ya mtutu mfupi haina shabaha naisikia kila siku, na inawapotosha watu wanaochagua mtutu. Iko hivi: ukifupisha mtutu unachopoteza ni spidi ya risasi, sio shabaha. Chukua risasi ya 5.56, mtutu wa inchi 20 unairusha kama mita 940 kwa sekunde, wa inchi 10.3 unashuka kwenye 790 hivi, kwa hiyo mbali risasi inadondoka mapema na upepo unaisukuma zaidi. Lakini ukiweka mitutu miwili ya unene mmoja, ule mfupi ndo mgumu zaidi kupinda, unatikisika kidogo baruti ikiwaka, na mdomo uliokatwa sawasawa una maana kubwa kuliko inchi mbili za ziada.

Nadhani hii imani ilitokana na saiti za chuma (vile vipande viwili vya kulengea juu ya bunduki), maana kwenye bunduki fupi ile ya mbele na ya nyuma zinakaribiana, ukikosea kidogo tu jichoni kule kwenye shabaha kosa linakuwa kubwa. Weka darubini uone, hilo tatizo linaisha.

Kwa hiyo anza na aina ya risasi kwanza, afu ndo urefu wa mtutu. Risasi ya .300 Blackout baruti yake inamalizika kuungua karibu yote kwenye inchi 9 hivi, 5.56 bado inataka nafasi, ndo maana kwenye mtutu mfupi inatoa moto mkubwa mdomoni na kelele ya kupasua masikio. Na kwa walioko Marekani, raifo yenye mtutu chini ya inchi 16 inasajiliwa ATF (shirika la serikali linalosimamia silaha) kabla hujaiunga, sheria ya tangu 1934 hiyo.