Je, wajua kwa nini taa ya sensa inamwona paka haraka kuliko wewe?

Mwezi wa saba Mbeya, saa nane usiku, baridi ya Uyole unaijua, ghafla taa ya korido inawaka na unaruka kitandani ukidhani ni mwizi, kumbe ni paka anaelekea jikoni. Waliofunga taa zinazojiwasha zenyewe ndani wanalalamika sana hiki kitu, wanasema wameuziwa feki. Mara nyingi taa ni nzima kabisa, tatizo ni pale ilipofungwa.

Iko hivi. Sensa, yaani kile kifaa kinachoiwasha taa kikihisi kitu kinapita, nyingi za bei ya kawaida ni PIR, utaona imeandikwa kwenye boksi, na haina kamera wala haitoi mionzi, inapokea joto tu. Kila chenye joto kinatoa mionzi ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Ndani kuna vipokezi viwili vidogo ambavyo vinalinganishwa muda wote, vikipata sawa taa inatulia. Kile kifuniko cheupe cha plastiki chenye vijimraba ni lensi ya Fresnel, imepewa jina la Mfaransa Augustin Fresnel aliyeibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, na hapa kazi yake ni kukigawa chumba vipande vipande. Joto likihama kipande kimoja kwenda kingine, kipokezi kimoja kinapata zaidi ya mwenzake, taa inawaka.

Sasa wewe ukitoka chumbani unaifuata sensa moja kwa moja, hatua kadhaa bado uko kwenye kipande kilekile, ndo maana inachelewa. Paka yeye anakatiza mlango huu kwenda ule, anavuka vipande kibao kwa sekunde moja, na mwili wake una nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya wetu. Manyoya yanazuia sehemu ya joto hilo ila usoni ni mafupi, joto linatoka.

Halafu kuna baridi yetu, na hapa watu wengi hawapaangalii. Sensa inaangalia tofauti ya joto kati ya mwili na kilicho nyuma yake. Dar chumba kikifika nyuzi 30 na kitu, ngozi na ukuta vinakaribiana, sensa inakuwa nzito. Makete au Njombe wakati wa kipupwe sakafu ya saruji iko baridi kama barafu, yaani hata paka mdogo anaonekana vizuri kabisa. Kwa hiyo setingi aliyokupa ndugu yako wa Dar usiinakili, kama sensa yako ina kile kiskrubu cha kupunguza ukali, punguza.

Ila dawa kubwa ni mahali. Usiifunge kwenye silingi ikitazama chini, hapo inaona sakafu yote. Ifunge ukutani, mita 2 hivi kwenda juu, itazame mbele, kisha ziba sehemu ya chini ya lensi kwa teipu nyeusi ya umeme, ukanda kidogo kidogo, huku mtu anapita na paka anapita mpaka uone inamwacha paka. Mbele yake kusiwe na sofa wala kabati ambalo paka anapanda, maana akishapanda juu yuko usawa wako. Na zile zinazoandikwa zinavumilia mnyama wa hadi kilo kadhaa, jua sensa haina mizani, mnyama mdogo akiwa karibu nayo anaonekana mkubwa.

Kuhusu LUKU usiogope, balbu ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kumaliza uniti moja. Kinachoumia ni usingizi wako.

Ukienda dukani uliza kama sensa ni PIR au ni rada. Ya rada inarusha mawimbi na kusikiliza yanavyorudi, nayo yanapenya mbao na jipsamu, hivyo hata panya juu ya silingi bodi anaweza kuiwasha, na teipu haisaidii kitu. Nyumba yenye wanyama chukua PIR.