Mtoto Aliyevimba Miguu Hana Chirwa

Wiki hii neno chirwa nimelisikia mara tatu hapa wodini. Mara ya mwisho lilitoka kwa bibi aliyeteremka kutoka upande wa Marafa hadi Malindi, mjukuu mgongoni, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu na kunyonyoka. "Huyu ana chirwa, mwanangu. Mganga tumeshamwona."

Dhana: chirwa huletwa na mzazi aliyetoka nje ya ndoa wakati wa mimba au mtoto akiwa bado ananyonya.

Bonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, sekunde tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, chukulia hiyo ni kwashakoo, utapiamlo unaovimbisha mwili, na umlete hospitalini. Yule wa pili mnayemwita wa chirwa, aliyekonda hadi mbavu zikahesabika, naye ana utapiamlo. Uzinzi hauingii hapo. Jina kwashakoo lilitoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams akaliandika mwaka 1935: ni ugonjwa wa mtoto anaoupata mdogo wake anapozaliwa. Wale wazee waliangalia ziwa la mama lililokatika, hawakuchungulia chumbani mwa wazazi.

Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Watoto wa Magarini na Ganze, huku kwetu Kilifi, walipokonda, wazazi wote hao walitoka nje ya ndoa zao kwa pamoja?

Jina lenyewe haliniumi, inaniuma aibu yake. Kiangazi kikikaza, kina mama huchangishana, huyu kibaba cha kunde, huyu nazi mbili, wakapika sufuria moja chini ya mwembe. Watoto wanakuja mbio na vikombe. Asiyekuja ni mama wa mtoto aliyevimba, maana akitokeza tu kijiji kizima kitaisoma ndoa yake miguuni mwa mwanawe. Anayehitaji chakula kuliko wote amefichwa ndani.

Kwa hiyo nawaomba mnaopika: msimngoje. Mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumba kwa nyumba na utepe wake wa kupima mkono. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano mwenye mkono chini ya sentimita 11.5, au mwenye miguu iliyovimba, aletwe siku hiyo hiyo. Na mama yake asiulizwe lolote la chumbani.

Ziko na dhana nyingine. "Aliyekaa na njaa siku nyingi apewe sahani ijae." Hapana! Madini ya fosfeti na potasiamu hushuka ghafla damuni, na moyo unaweza kusimama. Wodini tunaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana.

"Unga unatosha." Uji mweupe mtupu humjaza mtoto tumbo bila kumjenga. Tieni dagaa waliosagwa, kunde au simsim. Simsim inalimwa papa hapa, mbona tunaiuza yote?

"Kile kifuko cha njugu ni cha nyumba nzima." Hicho ni chakula-dawa cha mtoto mwenye utapiamlo mkali, kimoja kina gramu 92 na kilokalori 500. Ndugu zake wana sufuria ya mwembeni.

Yule mjukuu bado yuko wodini. Juzi bibi alishtuka kuona mizani imeshuka, akadhani tunampoteza. Uvimbe ukitoka, uzito hushuka kwanza. Nikamwambia abonyeze miguu mwenyewe. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena upande wa pili.