Romantiki si mahaba

"Mwalimu, siku hiyo tupigie romantiki. Kitu cha mahaba, laini laini." Safari hii ni kamati ya harusi. Wiki iliyotangulia alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu, anataka mtoto aachane na muziki wa Chopin, mtunzi wa Poland, kwa sababu "hayo ni mambo ya wapenzi, yeye bado mdogo." Nimelijibu hili kwa mdomo miaka mingi. Leo naliandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Neno ndilo limetuponza. Romantiki tuliyoizoea ni ya mishumaa na maua. Ile ya wasanii wa Ujerumani wa mwanzoni mwa karne ya 19 ilichota kwenye hadithi za kale za mashujaa, misitu, mizimu na safari za mbali, zilizosimuliwa kwa lugha za watu wa kawaida badala ya Kilatini. E.T.A. Hoffmann, mwandishi na mtunzi, alipoichambua Simfoni ya Tano (kazi ndefu ya okestra) ya mtunzi Beethoven mwaka 1810, alisema muziki huo unaamsha hofu, kicho, maumivu na shauku isiyo na ukomo. Hofu ndiyo aliyoitanguliza.

Chukua Erlkönig, wimbo wa mtunzi Franz Schubert, alioutunga mwaka 1815 akiwa na miaka 18, kwa shairi la Goethe, mshairi wa Kijerumani. Baba anakimbiza farasi usiku, amempakata mwanawe. Mtoto anamwona pepo, anamsikia akimwita. Baba anamtuliza kwamba ni ukungu tu, ni upepo kwenye majani makavu. Mwimbaji mmoja anabeba sauti nne: msimulizi, baba, mtoto, pepo. Mkono wa kulia wa mpiga piano unagonga oktava zilezile (nota moja, chini na juu kwa pamoja), mara tatu kwa kila pigo, karibu wimbo mzima. Hizo ni kwato. Kifundo cha mkono kinawaka moto, na ukikikaza tu umekwisha.

Lakini kwato kila mtu anazisikia. Msikilize pepo. Anaimba kwenye meja, ngazi ya sauti yenye furaha, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Anaahidi michezo, maua, mavazi ya dhahabu. Melodia tamu kuliko zote humo ni ya muuaji! Mtoto anapolia "Baba yangu, baba yangu", nota yake inakaa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya sauti, juu ya ile inayogongwa na piano, zinakwaruzana, na kila kilio kinachofuata kinaanzia juu zaidi ya kilichotangulia. Schubert angeweza kumpa pepo ngurumo tangu mwanzo. Hakumpa, kwa kuwa mtoto havutwi kwa ngurumo. Nguvu inakuja mwishoni, utamu ukishashindwa. Kisha mwendo unakatika, mwimbaji anatamka, karibu kama mtu anayeongea, kwamba mtoto mikononi mwa baba amekufa. Akodi mbili (nota kadhaa zikigongwa pamoja), basi. Nimewahi kumsindikiza kwa piano mwimbaji wa teno, sauti ya juu ya kiume, aliyelainisha vilio vya mtoto "ili vipendeze". Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani na hasira.

Mapenzi yamo kwenye muziki huu, sikatai. Mwaka 1830 mtunzi Hector Berlioz alimtungia mwigizaji Harriet Smithson simfoni nzima, Symphonie fantastique. Lakini yanayotokea humo ni haya: kijana anameza afyuni, anaota amemuua mpenzi wake, anakatwa kichwa, na melodia ya mpenzi inarudi imeharibika, inacheza na wachawi. Nani ataipiga hiyo bibi harusi akiingia?

Na kuna taifa. Chopin aliondoka Warsaw Novemba 1830, mwezi uleule watu wake walipoinuka dhidi ya utawala wa Urusi, na hakurudi tena. Mazurka zake ni ngoma za Poland zilizochezwa na mkimbizi. Mtunzi Smetana aliwafanyia Wacheki kazi kama hiyo, na mwenzake Sibelius Wafini, watu wa Finland. Mtoto wa miaka 12 anaelewa vizuri sana kukumbuka nyumbani.

Ninapoyumba ni kwenye mipaka ya kipindi hiki. Darasani nasema Kiromantiki ni karne ya 19, tuendelee. Ila Hoffmann huyohuyo aliwahesabu watunzi wa kabla, Haydn na Mozart, kuwa waromantiki, na mtunzi Rachmaninoff, aliyefariki 1943, nimweke wapi? Mtunzi Brahms hakutaka simfoni zake zisimulie hadithi, mwenzake Liszt akaona hadithi ndiyo njia ya mbele, na wote wawili nawatia kapu moja. Kila mwaka nachora mstari huo ubaoni, na kila mwaka mkono unasita.

Kamati iliorodhesha pia ule wimbo wa bibi harusi tunaoujua wote. Unatoka kwenye Lohengrin, opera ya mtunzi Wagner, iliyoonyeshwa kwanza Weimar mwaka 1850, Liszt akiongoza. Bibi harusi, Elsa, amekatazwa kumuuliza mumewe jina. Kwaya inawasindikiza hadi chumbani kwa wimbo ule mtulivu, inaondoka, wanabaki peke yao kwa mara ya kwanza, Elsa anauliza, na ndoa inakufa usiku huohuo. Niliwasimulia kamati mpaka mwisho. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama machi ya harusi ya mtunzi Mendelssohn iko salama. Nikamwambia machi hiyo, ya mwaka 1842, ni ya mchezo wa kuigiza ambao wanaooana wanaoana kweli. Jumamosi tunaipiga hiyo, kwa sauti kubwa.