Ukichomeka hedifoni, sabufa nayo inyamaze

Hedifoni imechomekwa, spika mbili za mezani zimekaa kimya, lakini chini ya meza sabufa bado inapiga dum, dum peke yake. Kwa mwenye nyumba yake na uzio wake kule Capri Point, hapa Mwanza, hilo ni jambo dogo. Kwa aliyepanga chumba na sebule Mabatini au Igogo, ukuta mmoja na jirani, saa tano usiku hiyo ni kesi. Besi ndiyo inayopenya ukuta wa tofali kuliko sauti nyingine zote. Jirani hasikii mwimbaji anasema nini, anasikia mdundo tu, na mdundo usio na wimbo unakera kuliko wimbo wenyewe.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Huku kwetu ukiulizia sabufa, muuzaji wa Makoroboi anakushushia seti nzima: boksi kubwa, vispika viwili na rimoti. Hapa nikisema sabufa namaanisha lile boksi la besi peke yake, na spika ni zile mbili za pembeni. Kwenye seti ya dukani amplifaya ya vyote imo ndani ya boksi moja na sauti inaingia kwa waya mmoja, kwa hiyo ukiukata waya huo vyote vinanyamaza. Tabu huanza pale mtu anapokuwa na spika za mezani zenye amplifaya ndani yake, kisha akaongeza boksi la besi lenye amplifaya yake. Sasa sauti ina njia mbili, na hedifoni inakata moja tu.

Ni kama bomba la maji. Ukifunga koki iliyo baada ya njia panda, upande wa pili maji yanaendelea kumwagika. Koki yako, yaani mahali unapochagua kati ya hedifoni na spika, inatakiwa ikae kabla ya njia panda. Karibu kila tatizo la aina hii nililoitwa kuliangalia lilikuwa koki iliyowekwa mahali pasipo pake.

Basi fuata waya zako kwa mkono, kuanzia kompyuta. Kama unachomeka hedifoni kwenye tundu lililo usoni mwa spika, ndani ya tundu hilo kuna bati dogo linalosukumwa na pini na kuzima amplifaya ya spika hizo tu. Sabufa iliyolishwa kwa waya wa Y, yaani waya mmoja unaogawanyika kuwa miwili, kutoka kompyuta haina habari. Kama spika zako zina tundu la kutolea besi nyuma, hamishia sabufa hapo, kisha chomeka hedifoni usikilize: kwenye spika nyingine tundu hilo nalo hunyamaza, kwenye nyingine halinyamazi. Jaribio ni la dakika moja na linaokoa pesa.

Kama unachomeka mbele ya kompyuta ya mezani huku spika ziko nyuma kwenye tundu la kijani, anayezima nyuma ni draiva ya kadi ya sauti, si waya. Inazima pale tu inapotambua kwamba pini imeingia. Mambo mawili huivuruga. La kwanza, kwenye programu ya Realtek, ile ya kadi ya sauti, kuna chaguo la kufanya mbele na nyuma viwe vifaa viwili tofauti vyenye sauti tofauti. Likiwashwa, nyuma haizimwi. La pili, keshi (maboksi) za kompyuta za zamani zina kebo ya mbele ya mfumo wa AC'97, ambao hauna namna ya kutoa taarifa kuwa pini imeingia. Hapo hakuna mpangilio wa Windows utakaosaidia.

Kuna wanaochukua besi kwenye tundu la chungwa, lile la sabufa na spika ya kati, na kuiacha kompyuta igawe masafa. Inafanya kazi, ila ina mtego wake. Ukiwasha mgawo wa besi, kompyuta inaiondoa besi kwenye mikondo ya kushoto na kulia na kuipeleka tundu la chungwa. Ukichomeka hedifoni kwenye kifaa hichohicho inapata mabaki: sauti nyembamba kama ya redio ya betri. Mtu anailaumu hedifoni, ananunua nyingine, hali ni ileile. Zima mgawo wa besi, rudisha mpangilio uwe spika mbili, na kazi ya kugawa masafa iachie krosova (kigawa masafa) ya sabufa yenyewe.

Mpangilio ninaoupenda ndio huu: waya mmoja kutoka kompyuta unaingia kwenye sabufa, na spika zinalishwa kutoka kwenye matundu ya kutolea ya sabufa. Karibu kila sabufa yenye amplifaya yake ina RCA (yale matundu ya duara, mekundu na meupe) za kuingilia, na baadhi zina za kutolea. Njia panda sasa iko ndani ya sabufa, na chochote utakachokikata kabla yake kinanyamazisha vyote vitatu.

Sasa hiyo koki. Unaweza kununua kiboksi cha kuchagua, au fundi redio yeyote akakutengenezea kwa nusu saa. Vinavyohitajika ni swichi moja ya pini sita yenye pande mbili, matundu matatu ya pini ya milimita 3.5, rezista mbili za 10k (rangi kahawia, nyeusi, chungwa), waya wa maiki wenye wavu wa shaba, na kopo la bati.

Swichi ina safu mbili za pini tatu. Kushoto kutoka kompyuta kunaenda pini ya kati ya safu ya kwanza, kulia pini ya kati ya safu ya pili. Pini za mwisho mmoja zinakwenda tundu la hedifoni, za mwisho wa pili tundu la sabufa. Wavu wa waya zote tatu unaungana pamoja na kushikizwa kwenye kopo, haupiti kwenye swichi. Kwenye pini yenyewe ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni wavu. Angalizo linalowakuta hata mafundi wazoefu: kwenye swichi ya kijiti, kijiti kikielekea juu kinaunganisha pini za chini. Andika maandishi ya nje baada ya kujaribu, si kabla.

Zile rezista za 10k zinakaa upande wa sabufa, moja kati ya kushoto na wavu, nyingine kati ya kulia na wavu. Bila hizo, ukigeuza swichi kwenda hedifoni, waya wa sabufa unabaki unaning'inia bila mwisho, unafanya kazi ya antena, nayo sabufa inavuma na kutoa kishindo kila unapogeuza. Watu huziruka kwa kuwa mchoro bila rezista nao unafanya kazi mezani kwa fundi. Mezani kwa fundi hakuna sabufa ya inchi nane.

Usijaribu kufanya haya kwa waya wa Y. Hedifoni ya ohm 32 na sabufa yenye kiingilio cha kilo-ohm 10 vikikaa kwenye Y moja, vyote vinapata sauti kamili. Umerudi ulikoanzia.

Tatizo la kiboksi ni kiwango cha sauti. Spika unazisikiliza kompyuta ikiwa asilimia 80, hedifoni asilimia 25 inatosha. Ukisahau na kugeuza, sikio linapigwa. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli (dB) 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kosa moja la swichi linaweza kuvuka dB hizo 80 mara moja. Rezista ya ohm 47 kwenye njia ya kushoto na nyingine kulia, upande wa hedifoni, itaishusha hedifoni ya ohm 32 kwa karibu dB 8. Gharama yake ni kwamba baadhi ya hedifoni zitavimba besi kidogo. Mimi naiona gharama nafuu, lakini mwenye hedifoni ya bei kali atabisha.

Atakayebisha na aende njia nyingine: adapta ya USB yenye tundu la hedifoni, hata ile fupi ya simu ya Type-C. Chagua yenye chipu ya sauti ndani, kwa sababu zipo ambazo ni waya mtupu na kwenye kompyuta hazitoi hata mlio. Ikitambuliwa, Windows inaiona kama kifaa cha pekee chenye volyumu yake inayokumbukwa. Tundu la kijani linabaki la sabufa na spika, adapta ni ya hedifoni, na unabadilisha kwenye mipangilio ya sauti. Kwenye Windows 11 za karibuni bonyeza vitufe vya Windows, Ctrl na V kwa pamoja, orodha ya vifaa inatokea. Kwenye Linux, amri ya `pactl set-default-sink` ikifuatiwa na jina la kifaa inamaliza kazi. Programu nyingine hung'ang'ania kifaa cha zamani mpaka uifunge na kuifungua tena, hasa magemu na programu za simu za video. Kwa hiyo sabufa ikiendelea kupiga baada ya kubadilisha, tazama nani bado ana sauti kabla hujagusa waya.

Faida kubwa ya vifaa viwili ni ekwalaiza. Marekebisho ya spika hayafai kwenye hedifoni, kwa kuwa mengi ni marekebisho ya chumba. Chumba cha futi kumi kwa kumi, urefu na upana mita 3.05, kinavimbisha masafa ya karibu Hz 56 kwa pande zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo ngoma nzito za singeli nyingi zinapokaa. Ukipunguza Hz 56 kwa dB 6 chumba kinatulia, na bati lisilo na dari linaacha kutetema. Hedifoni haina chumba; mpunguzo huohuo unaiachia shimo. Kwenye Equalizer APO, programu ya ekwalaiza ya Windows, weka mstari wa `Device:` juu ya kila kundi la marekebisho, na kwenye kisanidi chake tiki vifaa vyote viwili, kisha zima na kuwasha kompyuta.

Krosova na fezi ya sabufa (mwelekeo wa msukumo wake) virekebishe mara moja tu, hedifoni ikiwa imechomolewa. Spika zenye koni ya inchi tatu au nne anza nazo Hz 100 hadi 120, za inchi tano Hz 80. Cheza mlio mmoja wa masafa hayohayo, kaa unapokaa siku zote, na mtu mwingine ageuze swichi ya nyuzi 0 na 180. Upande wenye sauti kubwa zaidi ndio sahihi, kwa kuwa spika na sabufa zinasukuma pamoja badala ya kufutana.

Mvumo wa Hz 50 ni habari nyingine. Huo ni umeme wa ukutani, na sabufa imeumbwa kuutoa vizuri kuliko kitu chochote chumbani. Ukiusikia hata swichi ikiwa upande wa hedifoni, usishangae: kiboksi kinakata kushoto na kulia, hakikati wavu. Kwa mwenye laptopu, chomoa chaja. Mvumo ukiisha, kuna mzunguko wa ethi kati ya chaja na sabufa. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, weka kitenganishi cha sauti kati ya kompyuta na sabufa, ukijua kwamba vile vidogo vya bei rahisi vina transfoma nyembamba zinazokula besi ya chini kabisa. Kuvunja pini ya ethi ya plagi si suluhisho, hata kama fundi atakuambia wenzako wote wamefanya hivyo.

Usitegemee kile kitufe cha sabufa cha kujizima chenyewe. Nyingi husubiri dakika 15 au 20 za ukimya ndipo zilale, na mvumo kidogo tu kwenye waya unatosha kuiambia kwamba muziki unaendelea. Halafu umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane, sabufa yenye swichi ya kawaida nyuma inajiwasha yenyewe kwa kishindo, kabla ya kompyuta. Unapovua hedifoni kwenda kulala, zima sabufa kwanza, kompyuta baadaye. Asubuhi washa kompyuta kwanza, sabufa mwisho.