Doa Jekundu Kwenye Picha ya Ubongo
Kila ninapowaonyesha wanafunzi wangu hapa Moshi picha ya ubongo yenye doa jekundu, husikia kauli ileile ya miaka mingi, kwamba hapo ndipo palipokuwa pakifanya kazi na kwingine kulikuwa kimya. Sivyo. Mashine inayopiga picha hizi (fMRI) hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu, na rangi hupakwa baadaye na kompyuta, pale tu ambapo tofauti kati ya hali mbili, tuseme kusoma maneno na kutazama herufi zisizo na maana, imevuka kiwango cha kitakwimu alichokiweka mtafiti. Mchuuzi wa soko la Mbuyuni anayepima ndizi ndani ya kikapu huondoa uzito wa kikapu, lakini hiyo haimaanishi kwamba kikapu hakina uzito; vivyo hivyo, kazi ya ubongo iliyo sawa katika hali zote mbili huondolewa, ingawa ilikuwepo.

Linalorukwa mara nyingi, nami hulisisitiza sana, ni hili: ishara hiyo ya oksijeni ikishuka, kutoka kiwango chake mtu akiwa amepumzika tu, kwa asilimia 0.2 wakati wa kusoma na kwa asilimia 0.6 wakati wa kutazama herufi, tofauti yake ni chanya 0.4, na doa linaweza kutokea ingawa hali zote mbili zilikuwa chini ya kiwango cha mapumziko. Ndiyo maana kila hali inapaswa kutazamwa kwanza peke yake, ikilinganishwa na mapumziko, kabla ya doa kutafsiriwa.